Mwana wa Mhunzi Asiposana: Chuma, Pua na Msamiati wa Uhunzi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Methali hii hufundishwa shuleni, na maana yake ya jumla hueleweka bila taabu: mtoto huiga kazi ya mzazi wake, na asipoiweza yote hushika sehemu yake. Hata hivyo, mwanafunzi akitakiwa kueleza maneno yenyewe, mara nyingi hukwama. Hajui kusana ni kufanya nini, wala hana hakika kuvukuta ni kitendo gani. Wako wanaodhani kuwa kusana kumetokana na sanaa, na wako wanaohisi kuwa ni kosa la mpigachapa. Methali inajulikana, lakini kazi iliyoizaa imesahauliwa.

Mhadhara huu unahusu pengo hilo. Unazungumzia chuma, sifa zake na matumizi yake, kwa kupitia maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kukitaja. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa mhunzi si orodha ya majina ya zana tu. Ni hifadhi ya maarifa ya metali hiyo, yaliyopatikana kwa moto na nyundo kabla ya kuwapo maabara. Pale ambapo maneno hayo yameachwa, au yamefunikwa na tafsiri za haraka kutoka Kiingereza, Kiswahili hakikupoteza pambo bali kilipoteza tofauti ambazo mwanafunzi wa sayansi anazihitaji hadi leo.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kuanza na chuma chenyewe, kisha historia ya utengenezaji wake katika Afrika Mashariki, ndipo yafuate maneno.

2.0 Chuma na Sifa Zake

Chuma ni elementi yenye namba atomia 26. Alama yake ya kikemia, Fe, imetokana na jina lake la Kilatini, ferrum. Ni metali iliyoenea mno: huchukua takriban asilimia 5 ya uzito wa ganda la dunia, na hutanguliwa na oksijeni, silikoni na alumini tu. Hata mwilini mwa binadamu mzima mna gramu 3 hadi 4 hivi za chuma, ambazo nyingi zimo ndani ya damu, zikisaidia kubeba oksijeni. Kwa hiyo uhaba haukuwa kikwazo cha binadamu katika kukipata chuma. Kikwazo kilikuwa moto. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Sentigredi; chuma safi huhitaji nyuzi 1,538.

Chuma ni kizito, uzito wake ukikaribia mara nane ya ule wa maji wa ujazo huo huo. Huvutwa na sumaku, lakini kikipashwa moto kupita nyuzi 770 hupoteza sifa hiyo, na hakiirudii mpaka kipoe. Kikiwa baridi ni kigumu. Kikiwa chekundu kwa moto hulainika, hupigwa kikapanuka, hukunjwa, hata vipande viwili vikaunganishwa kwa nyundo vikawa kimoja. Sifa hii ya kulainika kabla ya kuyeyuka ndiyo iliyoufanya uhunzi uwezekane.

Sifa ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika mhadhara huu. Tabia ya chuma hubadilika sana kwa kiasi kidogo cha kaboni. Chuma kisicho na kaboni, au chenye kaboni kidogo mno, ni laini: hupindika, na makali yake hayadumu. Kikipata kaboni ya kutosha, ambayo bado haifikii asilimia 2, hupata uwezo mpya. Kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu kisha kikachovywa ghafla majini, hukakamaa na hushika makali. Chuma laini hakifanyi hivyo hata kikichovywa mara 100. Kaboni ikizidi asilimia 2, hupatikana chuma cha aina nyingine, ambacho huyeyuka kwa urahisi zaidi na kujaa vizuri katika kalibu, lakini ni chepesi kuvunjika. Kikipigwa nyundo hakipanuki bali hupasuka.

Aina tatu, basi, na tofauti kati yake ni punje chache za kaboni katika kila mia. Jicho haliioni kaboni hiyo. Mhunzi aliitambua kwa mlio wa nyundo, kwa jinsi chuma kilivyokubali au kukataa kukunjwa, na kwa kilivyofanya baada ya kuchovywa. Swali la mwanaisimu ni hili: je, tofauti aliyoitambua mkononi aliipa jina? Jibu, kama itakavyoonekana, ni ndiyo.

3.0 Utengenezaji wa Chuma Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu baadhi ya waandishi wa kigeni waliiona Afrika kuwa bara lililopokea vyuma kutoka nje. Uchunguzi wa akiolojia umeonyesha vingine. Katika nchi ya Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, katika maeneo kama Katuruka na Kemondo, zimefukuliwa tanuri za chuma zilizotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walishirikiana na wazee wa Kihaya ambao waliijua kazi hiyo tangu ujana wao. Tanuri lilijengwa upya na chuma kikapatikana. Taarifa ya wataalamu hao, iliyochapishwa mwaka 1978, ilidai kuwa mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri ilipasha hewa joto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba zao la tanuri hilo lilikuwa na kaboni ya kutosha kulihesabu miongoni mwa vyuma vigumu. Dai la hewa kupashwa joto limepingwa na wataalamu wengine, na mjadala wake umekuwa mrefu. Lililokubaliwa na pande zote ni kwamba ustadi uliokuwapo haukuwa wa kubahatisha.

Buhaya haikuwa peke yake. Huko Ufipa palijengwa malungu, tanuri ndefu za udongo zinazoweza kufikia kimo cha mita 3, ambazo hazikuhitaji mtu wa kuvuta mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda kwa sababu ya joto. Zao lake lilisafishwa baadaye katika tanuri ndogo zaidi, zilizoitwa vintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Upareni, katika Ugweno, Washana walikuwa ukoo wa wahunzi na waliwahi kuwa watawala. Chuma cha huko kilifika hadi Uchagani. Magharibi mwa Kenya, Wasamia walisifika kwa majembe yao.

Pwani nayo ina ushahidi wake. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alieleza kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa Uhindi, ambako kilifuliwa panga zilizosifika. Mabaki ya kazi ya chuma yamepatikana pia katika miji ya kale ya Waswahili. Kwa hiyo uhunzi wa pwani haukuanza na meli za Wareno, wala msamiati wake haukungoja kamusi za wamisionari.

Katika tanuri zote hizo jambo moja lilikuwa sawa, nalo lina umuhimu wa kiistilahi. Chuma hakikuyeyuka. Makaa yalipoungua yalitoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo iliiondoa oksijeni katika mtapo, yaani mawe yenye chuma. Kilichoyeyuka, kwenye nyuzi 1,200 hivi, ni uchafu wa mawe, ukatiririka chini au ukaganda kando. Chuma chenyewe kilibaki kuwa bonge lenye vitundu kama sifongo, ambalo lilipaswa kupigwa likiwa la moto ili uchafu uliosalia utoke.

Kazi hii ilidhoofika tangu mwishoni mwa karne ya 19, majembe na vyuma vya viwandani kutoka Ulaya vilipoanza kuuzwa kwa bei rahisi, na misitu ya makaa ilipowekewa masharti na serikali za kikoloni. Tanuri zilizimika. Wahunzi hawakutoweka, waligeukia vyuma chakavu, wakafua majembe kwa springi za magari na vipande vya reli. Hapo ndipo ufa ulipoanza katika msamiati. Maneno ya kufua yaliendelea kutumika kwa kuwa kazi ya kufua iliendelea, lakini maneno ya kutoa chuma katika mawe yalibaki bila wasemaji.

4.0 Msamiati wa Mhunzi

4.1 Chuma: nomino na kitenzi

Neno chuma ni la Kibantu. Ni ki- na shina -uma, na wingi wake ni vyuma. Ndugu zake ni ekyuma ya Kiganda, ekyoma ya Kihaya na icyuma ya Kinyarwanda, ambayo humaanisha pia kisu. Lugha hizi zinaonyesha mkondo mmoja wa maana: jina la metali hugeuka jina la kifaa. Kiganda kimeendelea zaidi, kwani ekyuma huweza kuwa mashine yoyote. Kiswahili nacho kimepanua maana kwa namna yake: anayefanya mazoezi ya kunyanyua vyuma hanyanyui elementi, na asiyetetereka husemwa ana moyo wa chuma.

Ni muhimu kutochanganya nomino hii na kitenzi chuma, chenye maana ya kuondoa tunda au ua mtini na, kwa kupanuka, kupata mali. Kutoka kitenzi hicho lugha imepata chumo, mchumi na uchumi. Pia methali "Mchumia juani hulia kivulini," na hata ule usemi wa mitaani, chuma ulete. Uchumi, basi, hautokani na chuma kifuliwacho, ijapokuwa historia ingeweza kumshawishi mtu aamini hivyo, maana katika jamii kadhaa za bara jembe la chuma lilikuwa mali iliyolipwa mahari. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja. Mwanafunzi wa etimolojia hana budi kuutazama muundo wa neno kabla ya kuutazama mvuto wa hadithi.

4.2 Kusana, kufua na kuvukuta

Tahadhari hiyo yahusu pia kitenzi sana. Kiswahili kina maneno matatu yanayosikika hivyo au karibu na hivyo: sana, kielezi cha kuzidisha, sanaa, nomino iliyotokana na Kiarabu, na sana, kitenzi cha kale chenye maana ya kufua chuma. Kitenzi hiki ndicho kilichomo katika methali, na kutokana nacho mhunzi aliitwa pia msana. Jina la Washana wa Upareni lahusiana na kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeeleza asiposana kwa kutumia sanaa anaihamisha methali kutoka kiwandani mwa mhunzi na kuipeleka kwa mchoraji, na methali inabaki bila kiungo kati ya nusu yake ya kwanza na ya pili.

Kiungo hicho kimo katika mgawanyo wa kazi. Mhunzi mkuu hushika koleo kwa mkono mmoja na nyundo kwa mkono wa pili. Yeye ndiye asanaye. Mtoto au mwanagenzi hukaa nyuma ya mivukuto na kupeleka hewa motoni, yeye huvukuta. Kuvukuta si kazi ya mchezo. Hewa ikipungua, chuma hupoa kabla hakijapata umbo. Ikizidi pasipo kipimo, makaa huisha bure na chuma huweza kuungua. Methali haimdharau mtoto. Inasema kuwa amekwisha kuanza.

Kitenzi kilichochukua nafasi ya kusana katika matumizi ya kawaida ni fua. Hiki nacho ni cha Kibantu, na hutumika kwa chuma, kwa nguo na kwa nazi. Kiini cha maana yake ni kupiga, au kushindilia kwa nguvu, ili kitu kiachane na kisichohitajika: uchafu wa nguo, kumbi za nazi. Kwa chuma maana hiyo ni sahihi kabisa, maana bonge litokalo tanurini hupigwa ili mabaki ya mawe yaachane nalo. Ndani ya jina fuawe, chombo ambacho juu yake chuma hupigiwa, husikika kitenzi hicho hicho. Lugha haikuchagua kitenzi hiki kwa nasibu. Iliifuata kazi.

4.3 Pua, feleji na chuma cha kusubu

Sasa laweza kujibiwa lile swali la kaboni. Kiswahili kina neno pua, lenye maana ya chuma kigumu kishikacho makali. Lina sauti moja na pua ya uso, lakini ni neno jingine. Shoka lililotiwa pua ni shoka ambalo mwili wake ni wa chuma laini na ncha yake ni ya chuma kigumu. Usemi huu una elimu nzima ndani yake. Shoka la chuma laini pekee lingekuwa butu baada ya mti mmoja. Shoka la pua tupu lingeweza kuvunjika kwa kishindo, tena pua ilikuwa ya gharama. Mhunzi aliunganisha viwili hivyo, kila kimoja mahali panapohitaji sifa yake.

Pamoja na pua liko neno feleji, lililotumika hasa kwa chuma kigumu cha daraja la juu, kama kile cha upanga wa feleji unaosifiwa katika tungo za kale. Na kwa ile aina ya tatu, iliyozidi kaboni, lugha ina kitenzi subu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu. Chuma cha kusubu ni jina linaloeleza kwa usahihi namna ya kukifanyia kazi: humiminwa, hakifuliwi.

Hivyo aina zote tatu zina majina. Chuma hufuliwa, pua huchovywa ikakakamaa, chuma cha kusubu humiminwa. Mwalimu wa kemia hahitaji kubuni hata neno moja ili kuanza somo lake.

4.4 Mavi ya chuma na kutu

Uchafu unaotiririka tanurini huitwa mavi ya chuma. Jina hili huwaonea haya baadhi ya wahariri, nao huliepuka kwa kuandika masalia au taka za tanuri. Haya hiyo haina msingi. Jina linafananisha tanuri na tumbo, ambalo hupokea chakula, hubakiza kinachofaa na hutoa kisichofaa. Na jamii nyingi za wahunzi Afrika zililitazama tanuri kuwa mwili. Isitoshe, kwa mwanaakiolojia mavi ya chuma ni ushahidi ulio bora kuliko chuma chenyewe. Chuma huliwa na kutu kikapotea. Mavi yake hukaa ardhini karne nyingi na kutaja mahali tanuri lilipokuwa. Taka ni neno la kila kitu, na neno la kila kitu halitaji chochote.

Ama kutu, Kiswahili kina njia tatu za kuieleza: chuma hushika kutu, huingia kutu, na huliwa na kutu. Njia ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na kemia, kwani kutu haitoki nje ikabandikwa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni na maji. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, chuma hakishiki kutu ya kawaida. Chumvi huharakisha tendo hilo, na kila mkazi wa pwani anajua namna bawaba za mlango unaoelekea bahari zinavyomalizika kabla ya mlango. Njia ya tatu, kuliwa, hueleza mwisho wa mambo: kutu ya chuma ni legelege, haifungi uso wake, na hivyo huacha njia kwa hewa na maji kuendelea kula ndani.

5.0 Chuma Kipya na Maneno Mapya

Matumizi makubwa ya chuma katika zama za viwanda yalikuja na maneno yake. Parafujo ilitoka Kireno; msumari ulikuwa umekwisha kutoka Kiarabu. Mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, ilizidi kupungua hadi ikatoweka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati majahazi ya misumari yakiendelea. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Reli ya Tanzania na Zambia ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, urefu wake ukiwa kilomita 1,860. Kiingereza kikatoa reli, nati, bolti na spana.

Lakini si kila kitu kilikopwa. Vipande vilazwavyo chini ya reli viliitwa mataruma, neno lililokuwa la mbavu na viimarishi vya chombo cha baharini. Fundi aliyelihamisha neno hilo aliona kilicho sawa katika vitu viwili vilivyo mbali: vipande vinavyokingama na kushikilia kinachopita juu yake. Huu ni uundaji wa istilahi uliofanywa na wafanyakazi pasipo kikao cha wataalamu, na umedumu zaidi ya karne.

Reli yenyewe ni pua, na inaonyesha sifa nyingine ya metali hii. Kipande cha reli chenye urefu wa mita 12, joto likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, huongezeka urefu kwa milimita 4 na kitu; ndiyo maana katika njia za kale mwanya uliachwa kati ya kipande na kipande. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoruhusu nondo kutiwa ndani ya zege. Nondo na zege hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo haviachani jua linapowaka. Zege huhimili kukandamizwa, nondo huhimili kuvutwa. Lakini maji ya chumvi yakipenya, nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege hupasuka kutoka ndani.

Bati nalo lina somo lake. Katika kemia, bati ni elementi nyingine kabisa, isiyo chuma. Katika ujenzi, bati ni karatasi ya chuma iliyopakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, ili isishike kutu. Mwanafunzi anayesoma darasani kuwa bati ni elementi, kisha akatoka nje na kuona bati la paa lenye kutu kwenye tundu la msumari, amepewa maana mbili bila kuonywa. Kasoro haiko katika lugha ya mtaa, ambayo ina haki ya kuita vitu ipendavyo. Iko katika kitabu kisichosema kuwa kinalitumia neno hilo kwa maana finyu.

6.0 Istilahi za Sayansi na Gharama ya Kusahau

Juhudi za kukiwezesha Kiswahili kubeba sayansi si ndogo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hizo zastahili heshima. Hata hivyo, njia iliyozoeleka ya kuunda istilahi imekuwa kuanza na orodha ya maneno ya Kiingereza na kutafuta mbele ya kila neno kisawe chake. Njia hiyo huuliza, "Neno hili litafsiriweje?" Haiulizi, "Anayeifanya kazi hii analiitaje jambo hili?"

Matokeo yake yanaonekana katika mambo mawili. La kwanza ni kitenzi yeyusha. Maandishi mengi ya historia husema kuwa mababu waliyeyusha chuma. Kama ilivyoelezwa, chuma hakikuyeyuka tanurini mwao. Kilichoyeyuka ni mavi ya chuma. Kitenzi hicho humfanya mwanafunzi awaze kijito chekundu cha chuma, picha ya kiwanda cha Ulaya, na akikosa kuiona katika maelezo ya tanuri la Buhaya au Ufipa hudhani kuwa tanuri hilo lilikuwa duni. Kumbe lilikuwa na njia yake. Hata kusema tu "kutoa chuma katika mtapo" kungekuwa sahihi zaidi, na hakuhitaji neno jipya.

La pili ni pua. Kwa kuogopa mgongano na pua ya uso, waandishi wamezoea kusema chuma cha pua. Baadaye usemi huo umebebeshwa pia maana ya kile chuma kisichoshika kutu cha vijiko na masinki, ambacho ni pua iliyoongezewa angalau asilimia 10 na nusu ya kromiamu. Sasa usemi mmoja una maana mbili, huku pua, peke yake, ikianza kuonekana ngeni. Wengine hukwepa tatizo kwa kuita vyote chuma. Sentensi iliyo ya msingi katika somo hili, kwamba chuma kikipata kaboni ya kiasi hugeuka pua, haiwezi tena kuandikwa, maana kiima na kijalizo chake vimekuwa neno moja.

Hofu ya mgongano wa sauti haina nguvu. Kiswahili kina kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini, wala hakuna mpishi aliyewahi kutia kaa wa bahari jikoni apate moto. Muktadha hutenganisha. Pua ya kisu na pua ya uso hazitakutana katika sentensi moja ila kwa mzaha.

Yapo, kwa hiyo, mapendekezo machache. Pua itumike peke yake kwa chuma kigumu chenye kaboni, na pua isiyoshika kutu kwa ile yenye kromiamu. Chuma kibaki jina la elementi na la metali laini yenye kufuliwa. Metali litumike kwa jamii nzima ya vitu hivyo, ili shaba na alumini zisiitwe vyuma katika kitabu cha sayansi. Chuma cha kusubu na mavi ya chuma yarejeshwe bila kuonewa haya. Kisha wakusanyaji wa msamiati waende kwa mafundi, katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi, na kwa wazee wa Buhaya, Ufipa na Upareni, ambako huenda maneno mengine bado yamo vinywani. Kazi hiyo haingoji, kwa kuwa wengi wa waliowahi kuona tanuri likiwaka tayari wametutoka, na kilichobaki hasa ni kumbukumbu za watoto na wajukuu wao.

7.0 Hitimisho

Nchini Tanzania elimu ya msingi ya umma hutolewa kwa Kiswahili, na shule za sekondari zimeendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Katika mjadala wa lugha ya kufundishia, husemwa mara kwa mara kuwa Kiswahili hakina maneno. Mfano wa chuma unaonyesha kuwa usemi huo wahitaji kupimwa neno kwa neno. Kiswahili kilikuwa na jina la mtapo, la uchafu wake, la chuma laini, la chuma kigumu, la kumimina, la kufua na la kupuliza moto. Kilichokosekana hakikuwa neno, bali mtu wa kuliuliza kwa mhunzi na kuliandika kitabuni.

Methali iliyotajwa mwanzoni haisemi kuwa mwana wa mhunzi ameshindwa. Inasema kwamba, hata asiposhika nyundo, hewa yake inahitajika ili moto usizimike. Wanafunzi wa lugha hawatafua majembe. Lakini neno sana likipata maelezo yake sahihi katika daftari la mwanafunzi, na pua ikapata mahali pake katika kitabu cha kemia, watakuwa wamevukuta.